Siku Kobusingye Alipoteleka Maziwa

Ukifika Bugomora, ule upande wa malisho ambako migomba inakwisha na nyasi zinaanza, uliza nyumba ya Mzee Muhangi. Watu watakujibu kwa swali: "Kwa mama wa maziwa?" Hapo hapo. Huyo mama wa maziwa ni mkewe, Kobusingye, mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye mikono mikubwa na maneno machache.

Mimi nilimfahamu siku ya posa ya binti yake, na hiyo nitaifikia. Mengine nimeyapata jikoni kwake, kutoka kwake mwenyewe na kwa mke wa mwanawe, Edith. Edith anasimulia vizuri zaidi, kwa sababu Kobusingye akifika mahali pa kujisifu hunyamaza na kuanza kupangusa kitu.

Kupangusa ndiyo kazi aliyokulia. Mama yake alimfundisha kutunza ekyanzi, kile chombo cha mti cha kuwekea maziwa, chenye shingo nyembamba na kifuniko cha ukindu. Alifundishwa kukiosha, kukianika, kukifukiza kwa moshi wa nyasi mpaka ndani kinukie. Alipoolewa kwa Muhangi alikuja na vyombo hivyo, akavipanga juu ya ulingo wa miti ndani ya nyumba, na tangu siku hiyo hakuna mkono mwingine uliovigusa bila ruhusa yake. Wageni walitoka mbali kwa kisingizio cha kuangalia ng'ombe, kumbe wamefuata mtindi wake. Padri akipita kutembelea vigango, dereva wake alijua pa kusimamisha gari.

Katika nyumba hiyo maziwa hayakuwahi kuona moto. Yalinywewa kama yalivyotoka kwa ng'ombe, au yakalazwa mpaka yagande yenyewe. Ilijulikana kwamba ukiyachemsha, ng'ombe aliyeyatoa anaungua kiwele: chuchu zinapasuka, maziwa yanakauka, na mwisho anakosa ndama. Hakuna aliyewahi kujaribu ili aone. Lilikuwa jambo la heshima tu, kama vile mwanamume asivyoweza kuingia kanisani na kofia kichwani.

Kisha Kobusingye akaanza kuugua.

Ilikuja kama homa ya kawaida. Mchana baridi inamtetemesha, usiku jasho linalowesha shuka, asubuhi ana nafuu kidogo, anaamka na kuendelea na kazi. Baada ya wiki mbili tatu inamwacha, halafu inarudi. Mgongo ukaanza kumuuma, kisha nyonga, kisha magoti. Duka la dawa likampa dawa za malaria. Hazikusaidia, akaambiwa ni homa ya matumbo, akachomwa sindano. Wanawake wenzake wa jumuiya walikuja kumwombea, na walipotoka nje walisema ni umri. Muhangi hakuridhika na umri. Alimleta mganga kutoka ng'ambo ya kilima, akamchanja chale mgongoni na kupaka dawa nyeusi, akasema kuna mtu ndani ya boma anaharibu baraka ya ng'ombe, na mama mwenye maziwa ndiye anayelipa.

Sasa katika boma hilo mgeni alikuwa mmoja tu. Edith alitoka Chonyonyo, kwa wakulima wa ndizi na kahawa, Walutheri, na mwanawe Kobusingye aitwaye Arinaitwe alimpenda walipokutana kwenye semina ya vijana. Edith alijitahidi. Alijifunza kusalimia ng'ombe kwa majina, alijifunza kufukiza nyasi. Lakini kwao maziwa hayaingii kinywani mwa mtoto kabla hayajachemka, na mwanawe Dastan alipoachishwa ziwa, Edith alikuwa akijificha nyuma ya jiko, anapanga mafiga matatu madogo, anachemsha kikombe kimoja tu cha mtoto.

Alikamatwa siku mbaya. Bihogo, yule ng'ombe mwekundu ambaye Muhangi alimpenda kuliko wote, alikuwa ametupa mimba malishoni. Mzee alirudi nyumbani mchana akiwa na uchungu wa kufiwa, na alipokaribia ua akasikia harufu. Akazunguka nyuma ya jiko, akamkuta mkwewe ameinama juu ya sufuria ndogo inayofura povu.

Hakupiga kelele. Edith anasema angepiga kelele ingekuwa nafuu.

"Ni ya ng'ombe gani?" akauliza.

"Ya Bihogo, baba. Nisamehe. Ni ya mtoto."

"Tangu lini?"

"Tangu alipoachishwa ziwa."

Muhangi aliitazama ile sufuria kama mtu anayetazama nyoka. Mkewe amelala ndani hawezi kugeuka kitandani. Ng'ombe wake bora ametupa mimba. Na moto huu hapa. Kwake kila kitu kilikuwa kimepata maelezo. Jioni ile aliitisha kikao cha nyumba na kesho yake Edith akapandishwa pikipiki na mtoto wake, kurudi kwao Chonyonyo "apumzike." Kila mtu alijua maana ya kupumzika. Kobusingye alikuwa na homa kali, alisikia sauti ya pikipiki ikiondoka, na anasema alilia bila kujua analilia mwili wake au mjukuu wake.

Edith akaondoka na sufuria yake. Homa haikuondoka.

Miezi ikapita. Ng'ombe wa pili akatupa mimba, wala hakukuwa na mtu wa kulaumiwa. Asubuhi moja Kobusingye aliinua ekyanzi iliyojaa aishushe kutoka kwenye ulingo, mikono ikakataa. Chombo kilianguka, maziwa yakatapakaa sakafuni, naye akakaa chini katikati ya maziwa akashindwa kuinuka. Arinaitwe alimkuta hapo. Alimbeba mama yake kitandani kisha akatoka kumwona baba yake.

"Baba, mke wangu ameondoka," alisema. "Sufuria imeondoka. Moto hakuna. Mbona mama bado anaungua?"

Muhangi alikuwa mtu mgumu, lakini hakuwa mtu wa kudanganya. Alifungua zizi, akamtoa dume mmoja, akamwambia mwanawe amuuze na ampeleke mama yake hospitali, siyo dukani.

Waliteremka mpaka Karagwe. Aliyewapokea alikuwa daktari wa makamo, Methodius, mtu wa huko huko, anayewasalimia wagonjwa kwa Kinyambo kwanza kabla ya kuingia Kiswahili. Alisikiliza habari ya homa, akabonyeza mgongo, akabonyeza nyonga. Kisha akauliza swali lililomshangaza Kobusingye.

"Mama, ng'ombe wenu wanatupa mimba?"

Kobusingye alimtazama mwanawe. Tangu lini daktari wa watu akauliza habari za ng'ombe?

"Wawili mwaka huu," Arinaitwe akajibu.

"Na maziwa mnakunywa mabichi?"

"Ningekunywa ya namna gani?" Kobusingye akasema.

Damu ilipimwa, na Methodius akarudi na kukaa kwenye kiti, siyo mezani, karibu na kitanda. Alimweleza kwamba ana ugonjwa unaoitwa brusela. Ni ugonjwa wa ng'ombe. Ndio unaowafanya watupe mimba, na unapita kwenye maziwa mabichi na kwenye majimaji ya uzazi mpaka kwa mtu.

Kobusingye alikasirika. Anakiri mwenyewe, na hapa hapangusi kitu. Alijiinua kwa kiwiko.

"Daktari, maziwa yangu ni masafi. Uliza Bugomora nzima."

"Sihitaji kuuliza, nimesikia sifa zako tangu nikiwa shule," Methodius akasema. "Na sijasema ni machafu. Ugonjwa huu unakaa ndani ya ng'ombe. Unaingia kwenye maziwa kabla mkono wa mkamuaji haujagusa chuchu. Ungeosha chombo mpaka mti uishe, usingeutoa. Kinachoutoa ni moto tu."

Moto. Alijilaza tena akageukia ukutani. Lakini neno lililobaki kichwani mwake, anasema, halikuwa moto. Lilikuwa lile la kwanza: sijasema ni machafu. Kama angeambiwa ni uchafu, angekataa dawa na kurudi nyumbani kufa na heshima yake.

Dawa zilikuwa vidonge vya kumeza kila siku kwa wiki sita, bila kuruka, hata akijisikia mzima. Methodius alitaka awe karibu ili amwangalie. Bugomora ni mbali. Arinaitwe akakuna kichwa, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba karibu kuna nyumba moja tu ya ndugu. Ilikuwa Chonyonyo, kwa wazazi wa Edith.

Hebu fikiri. Mama mkwe kwenda kulala kwenye nyumba ya watu ambao binti yao amefukuzwa kwake. Kobusingye aliingia ua ule amejifunika khanga mpaka usoni. Edith alimwona kutoka shambani, akatupa jembe, akaja mbio kati ya migomba, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alisema, na maneno mengine aliyokuwa ameyapanga njia nzima yakamkimbia.

Benadeta, mama yake Edith, alitoka ndani akijifuta mikono. Alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, na alikuwa na haki ya kununa. Badala yake akamshika mgeni mkono. "Mkwe wetu, kitanda kiko tayari. Habari nyingine tutazungumza ukishapona."

Akapewa chai ya maziwa. Akafunika kikombe kwa kiganja, hawezi kukataa, hawezi kunywa. "Nilihisi namuunguza ng'ombe wa watu," aliniambia. Mwishowe akanywa, kwa sababu ya adabu. Na asubuhi iliyofuata, kabla watu hawajaamka, akajikongoja nyuma ya migomba ambako Benadeta alifuga ng'ombe mmoja wa bandani, akachuchumaa na kukagua chuchu. Hazikuwa na hata mchubuko. Kesho yake akarudi. Na kesho yake. Benadeta alimkuta huko.

"Unatafuta nini, mkwe wangu?"

"Mnachemsha maziwa tangu lini?"

"Ee, tangu nyumba ya bibi yangu."

"Na huyu ng'ombe?"

"Amezaliwa hapa hapa. Mama yake alizaliwa hapa. Na bibi yake pia." Benadeta akampiga ng'ombe kofi la mapenzi ubavuni. "Ananyonyesha na kukamuliwa, mtukutu huyu, na mwaka kesho ana mimba tena."

Kobusingye aliendelea kuchuchumaa pale. Ng'ombe watatu, mama na binti na mjukuu, maziwa yao yote yamepita motoni, na kiwele ni kizima. Yeye alikuwa mtu wa kuamini macho yake kuhusu ng'ombe kuliko midomo ya watu, hata kama midomo hiyo ni ya babu zake. Aliinuka polepole akishika nguzo ya banda, na alipoingia ndani alimwambia Edith jambo ambalo Edith alilisubiri kwa muda mrefu.

"Mwanangu, ulikuwa unamlinda mjukuu wangu, na sisi tulikufukuza."

Edith akalia. Walilia wote wawili, na Dastan akawashangaa kisha akalia pia ili asibaki peke yake.

Homa ikaanza kulegea. Jasho la usiku likakoma, magoti yakakubali kukunjwa. Na kadiri mwili ulivyorudi ndivyo na ukali wake ulivyorudi. Siku moja akaweka kikombe chini akasema, "Haya maziwa yenu ni salama, lakini hayanyweki. Yananuka sufuria. Nikienda nayo Bugomora, hata mimi sitajinywesha."

Hapo ndipo kazi yake yenyewe ilipoanza. Alikwisha kuona kwamba kumwambia mfugaji "chemsha" peke yake ni sawa na kumwambia aache maziwa. Watu wa kwake hawanywi maziwa ili washibe tu. Mgeni hupokelewa kwa maziwa, mtoto hupewa jina kwa maziwa, wazee hupatanishwa kwa maziwa, na ladha ile ya moshi ndiyo inayowaambia kwamba wako nyumbani. Basi ni lazima moto uingie na ladha isitoke.

Alichemsha maziwa, akayaacha yapoe, akayalaza yagande kama anavyojua. Yalioza. Yalitoa harufu chungu mpaka Benadeta akayamwaga mbali na nyumba. Akajaribu tena, yakaoza tena. Edith ndiye aliyewaza: moto umeua ugonjwa, na umeua pia kile kinachogandisha. Inabidi wapande mbegu. Mtindi wa kwao Bugomora hauwezi kuwa mbegu, kwa sababu ni mbichi. Ikabidi mke wa Muhangi, mama wa maziwa, aende dukani Kayanga na kuomba mtindi wa pakiti. Aliuficha ndani ya khanga kama mtu aliyenunua pombe.

Mara ya kwanza waliitia mbegu maziwa yakiwa ya moto mno, yakakatika. Mara ya pili yalikuwa baridi, hayakushika. Kobusingye akaanza kutumbukiza kiwiko badala ya kidole, na akapata kipimo chake: joto la maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Yakaganda, mazito, laini. Lakini hayakuwa na moshi. Akampigia Arinaitwe simu amletee ekyanzi moja kutoka nyumbani, na ile aliyoletewa akaimwagia maji yanayochemka, akaianika juani, akaifukiza nyasi kama alivyofundishwa na mama yake. Akamimina humo maziwa yaliyochemshwa yakiwa na mbegu yake. Kesho yake akampa Benadeta kikombe.

Benadeta alikunywa, akafumba macho, akanywa tena. "Mkwe wangu," akasema, "kumbe maisha yangu yote nimekuwa nikinywa maji meupe."

Vidonge vilipokwisha, Methodius akampima na kumruhusu. Kobusingye alirudi Bugomora akiwa ameandamana na Edith na Dastan. Pikipiki zilipofika njia panda, akateremka, akasema atamalizia kwa miguu. Watu waliokuwa wakichunga walimwona akipanda kilima na ekyanzi kichwani, mgongo umenyooka, na mmoja akakimbia kumwambia Muhangi. Mzee alitoka bila viatu. Alisimama mlangoni mwa zizi akimtazama mkewe akija, na wanaomfahamu wanasema hawakuwahi kumwona akicheka kwa namna ile.

Kicheko kilipungua jioni, Kobusingye alipotaja moto.

"Ng'ombe ni wangu," Muhangi alisema.

"Ng'ombe ni wako, Baba Arinaitwe. Malisho ni yako, zizi ni lako, na kukamua ni kwako na kwa wanao. Lakini ndoo ikivuka kizingiti hiki, maziwa ni ya nani?"

Muhangi alijua jibu, na kila mfugaji analijua. Mwanamume hana neno juu ya maziwa yaliyokwisha kuingia ndani. Nani anywe, nani asubiri, yapi yagande, yapi yasukwe siagi, hayo ni ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba ni mke.

"Sijawahi kukufundisha kuchunga," Kobusingye akaendelea taratibu. "Usinifundishe maziwa. Na Edith amerudi, haondoki tena. Kama kuchemsha ni kosa, basi mfukuzaji aanze na mimi."

"Na kiwele kikipasuka?"

"Chagua mwenyewe ng'ombe wa kujaribia. Chagua unayempenda."

Muhangi alichagua Mayenje, wa madoadoa, aliyechukua nafasi ya Bihogo moyoni mwake. Na kwa msimu mzima yule mzee aliamka kabla ya ndege kwenda kumshika Mayenje kiwele kwa taa ya simu. Mayenje akanenepa. Maziwa yakaongezeka kwa sababu mvua ilikuwa nzuri, lakini Kobusingye hakumwambia hivyo, alimwacha ajiwazie. Bwana mifugo akaja kupima kundi. Bihogo na mwenzake wakaonekana wana ugonjwa, wakaondolewa, na Muhangi alimsindikiza Bihogo mpaka bondeni bila kuzungumza na mtu. Ndama jike wakachanjwa. Arinaitwe akaacha kushika mazalio ya ng'ombe kwa mikono mitupu. Siku moja Muhangi akaingia ndani, akakaa mahali pake, akasema tu, "Leta hayo ya moto." Akanywa mpaka akageuza kikombe.

Bado kulikuwa na ulimwengu wa nje. Kwenye mnada watu walisema Muhangi ametawaliwa. Wengine waliacha kupita kwake. Wakasema subiri, binti yake Ankunda atakosa mume, nani ataoa kwa watu wanaounguza ng'ombe?

Ankunda hakukosa. Alichumbiwa na kijana wa ukoo wetu, na ndiyo sababu mimi nilikuwapo. Tulikwenda kundi zima la wanaume na kina mama wachache, tukiongozwa na mshenga wetu, Mzee Nolasco. Huyu alikuwa mtu wa maneno. Akisimama kusema, hata ng'ombe huacha kucheua. Njiani alituonya: "Tukipewa kitu cha sufuria, msikinywe. Shikeni tu mkononi."

Tulikaribishwa sebuleni, majani mapya yametandazwa chini. Kina mama wakaingia na ebyanzi, vile vyombo vya mti vya maziwa, zimefungwa vifuniko vyeupe vya ukindu, na vilipofunuliwa ile harufu ya moshi ikajaa chumba kizima. Nolasco akanusa. Nikaona mabega yake yakishuka. Akapokea kikombe, akaonja, akanywa, akaomba kingine. Sisi sote tukanywa. Mimi sijawahi kunywa mtindi kama ule, mzito, mtamu bila sukari, unashuka kooni kama hariri.

Nolasco akasimama kutoa shukrani, na hakujizuia.

"Mzee Muhangi," akasema, "tuliambiwa maneno mengi njiani. Sasa nimeonja mwenyewe. Haya ndiyo maziwa! Haya ndiyo tuliyonyweshwa na mama zetu. Siyo yale ya siku hizi ya kuchemshwa yanayonuka bati. Nyumba inayotoa maziwa haya, hata binti yake akiwa kipofu tutamwoa."

Watu wakacheka na kupiga makofi. Muhangi akainamisha kichwa. Kwa desturi mama wa binti hasemi kitu kwenye kikao hicho, yeye hukaa upande wa ndani na wenzake. Lakini pazia lilifunguka, Kobusingye akatoka, akapiga goti kwa heshima mbele ya wageni.

"Mzee Nolasco, asante kwa sifa," akasema. "Yamechemshwa."

Vikombe vilibaki hewani.

"Yote," akaongeza. "Ya kikombe cha kwanza na cha pili."

Nolasco akatazama ndani ya kikombe chake, akamtazama Kobusingye, akamtazama Muhangi. Muhangi naye, yule mtu aliyewahi kuitazama sufuria kama nyoka, aliinua kikombe chake mbele ya macho ya wote, akanywa mpaka tone la mwisho, akakigeuza chini. "Ni ya Mayenje," akasema. "Mkitoka nje mkamwangalie kiwele."

Aliyeanza kucheka ni Nolasco mwenyewe. Alicheka mpaka akashika ukuta, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na sisi sote tukalipuka. Alipotulia akakaa chini, na sasa akazungumza kwa sauti nyingine, bila madoido.

"Mama, inuka. Mke wangu ana mwaka wa pili haamki vizuri. Homa inakuja na kuondoka. Mgongo. Tumemchanja chale, tumemwombea. Wewe uliugua nini?"

Kobusingye akamwambia, pale pale, mbele ya kikao cha posa, kuanzia jasho la usiku mpaka vidonge vya mwisho. Mambo ya mahari yalisubiri. Wazee waliokuja kuhesabu ng'ombe walikaa wakiuliza maswali kuhusu nyonga na magoti, na wawili kati yao wakajishika viuno wakati wakisikiliza. Alipomaliza, Nolasco akasimama tena kama mshenga.

"Tunaongeza sharti letu," akasema. "Binti aje na utaalamu huu wa mama yake. Asipoujua, tutarudi kumchukua mama."

"Anaujua," sauti ya Ankunda ikasikika nyuma ya pazia, na vigelegele vikavuka ua mpaka malishoni.

Mke wa Nolasco alipelekwa hospitali wiki ileile. Alikuwa na ugonjwa huohuo, na sasa ni mzima, analima na kuimba kwaya. Tangu hapo nyumba ya Muhangi haipungui wageni wenye vyombo mikononi. Kina mama wa malishoni wanakuja kuchukua mbegu, maana Kobusingye hanunui tena ya pakiti, ana yake aliyoitunza tangu Chonyonyo. Edith anawaonyesha kipimo cha kiwiko, na Dastan, aliyekwisha kuanza shule, anawaambia wageni mlangoni kwamba wavue viatu.

Mwezi uliopita ukoo wa ng'ambo ya pili ulimwita Kobusingye akawafundishe kwao. Nilimwona akiondoka. Amevaa gauni lake la Jumapili, amepanda nyuma ya pikipiki, sufuria kubwa mpya imeng'aa mapajani, ekyanzi ameikumbatia kifuani. Muhangi alikuwa amesimama kando ya njia anamwelekeza dereva mahali penye mashimo. Yule dereva akauliza amsubiri huko mpaka saa ngapi.

"Usimsubiri," Muhangi akamwambia. "Akishaanza kufundisha, hana haraka."

Kobusingye akagonga sufuria kwa kiganja, pikipiki ikaondoka.